Kabla ya kumtuhumu katibu, tuipime kompyuta



Wiki hii tunaomba radhi kuliweka kando somo letu la malezi, ili tuzungumzie jambo ambalo kwa jina ni la mafundi, lakini lilipoingia hapa kwetu Lushoto lilifika hadi ndani ya nyumba za watu. Mafundi huliita kuvuja kwa kumbukumbu ya kompyuta. Kwa sababu yake mama mmoja mwaminifu alikaribia kuitwa mwizi. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwamo katika mkutano aliotuhumiwa, tukanyamaza. Tunaandika leo kwanza kwa kuwa tunadaiwa, na pili kwa kuwa ofisi nyingi za madrasa, shule na misikiti sasa zinaweka hesabu zake ndani ya kompyuta, na yaliyotupata sisi yanaweza kumpata yeyote.

Madrasa tunayoizungumzia ina watoto 214. Kati yao 61 ni yatima, na ada zao hulipwa na wafadhili: wengine ni wafanyabiashara wa mboga na matunda hapa mjini, wengine ni wenyeji wa milima hii wanaoishi Tanga na Dar es Salaam. Kila mfadhili humlipia mtoto wake shilingi 35,000 kwa muhula. Mama katibu hupokea fedha, huandika stakabadhi, kisha hufungua kadi ya mtoto katika kompyuta na kuingiza malipo. Programu anayoitumia ilitengenezwa na kijana wa hapa hapa, aliyepata kusoma katika madrasa hiyo, akaitoa kama sadaka yake. Ni programu nzuri. Kila kadi inaonesha jina la mtoto, darasa, jina la mlezi, picha yake, na juu kabisa tarehe ya siku kwa miladia na kwa hijria.

Mwishoni mwa muhula uliopita wafadhili walipelekewa taarifa zao. Siku chache baadaye simu zikaanza kuingia. Mmoja alisema, "Mimi nimelipa, mbona taarifa inaonesha mwanangu hajalipiwa?" Akafuata wa pili, kisha wa tatu. Walipohesabiwa wote walifika 11, na fedha zilizokosekana katika kompyuta zilikuwa shilingi 385,000.

Mkutano wa wazazi na kamati ukaitishwa baada ya swala ya alasiri. Mama katibu alieleza kwamba kompyuta siku hizi huzidiwa. Asubuhi hufanya kazi vyema, alasiri huanza kuburura miguu, na mwisho programu hujifunga yenyewe mbele ya macho yake. Akasema malipo yale aliyaingiza kwa mkono wake. Mjumbe mmoja akajibu kwamba kompyuta haisemi uongo. Kama ingepokea, ingeonesha. Hakuna aliyetamka neno wizi, lakini kila mtu alilisikia. Ikaamuliwa kwamba funguo za ofisi akabidhiwe mhazini mpaka jambo litakapobainika. Mama yule alizivua kwenye kishikio chake, akaziweka juu ya meza, akaenda zake. Ana watoto wanne, na wawili kati yao husoma pale pale.

Tulipofika nyumbani tuliulizana: je, kati yetu kuna aliyeomba vishina vya stakabadhi? Kuna aliyeuliza karatasi za benki? Hakuna. Tulikuwa na dhana upande mmoja na mashine upande wa pili, tukaviita viwili hivyo ushahidi. Dini yetu imetuhadharisha mno na dhana, na imeweka mzigo wa kuthibitisha juu ya mwenye kudai. Sisi tulimtwisha mzigo huo mwenye kudaiwa.

Kesho yake mhazini, Allah amlipe kheri, aliketi na vishina vya stakabadhi pamoja na karatasi za benki. Ilimchukua muda mfupi kuliko mkutano wetu. Malipo yote 11 yalikuwa yameandikwa stakabadhi, na fedha zote zilikuwa zimepelekwa benki, shilingi kwa shilingi. Mama katibu hakuwa na deni la mtu. Likabaki swali: malipo yaliyoingizwa katika kompyuta yalikwenda wapi?

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Kuna aliyesema ni umeme, maana hapa milimani hukatika mara kwa mara. Kuna aliyesema ni ukungu na unyevu wa miezi ya baridi, kwamba umeingia ndani ya mashine. Wengine wakasema ni virusi. Wengi walisema kompyuta imezeeka, inunuliwe kumbukumbu zaidi, na kama haitoshi inunuliwe nyingine. Fundi mmoja alikwishaitwa mara mbili kabla ya hapo na hakuona ila yoyote. Baadaye tulielewa sababu: kila alipokuja, kompyuta ilikuwa imezimwa na kuwashwa upya, na ugonjwa huu huondoka mgonjwa anapolala, kisha humrudia taratibu anapoanza kazi.

Kijana aliyeitengeneza programu anafanya kazi Tanga. Alipopata habari alichukua likizo ya siku mbili, akapanda basi hadi Mombo, kisha akapanda kona za Soni mpaka kwetu. Jambo la kwanza alilolifanya halikuwa kuifungua kompyuta. Alikwenda nyumbani kwa mama katibu, akamwamkia shikamoo, akamwomba aje akae kwenye kiti chake afanye kazi kama afanyavyo siku zote. "Mama, usinieleze," alimwambia. "Nioneshe tu."

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie, kwa maana lazima tueleze kumbukumbu yenyewe ni kitu gani.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni diski, mfano wa kabati lenye kufuli: kilichowekwa humo hubaki hata umeme ukikatika. Pa pili ni kumbukumbu ya muda, mfano wa meza ya kazi. Programu inapohitaji kuonesha picha au kupiga hesabu, huomba sehemu ya meza, hutandaza karatasi zake, na ikimaliza hupaswa kuirudisha nafasi ile ili itumiwe na kazi nyingine. Kumbukumbu ya muda ni kitu cha kukopa. Programu inayokopa kila mara na kusahau kurudisha ndiyo inayosemwa kwamba kumbukumbu yake inavuja. Nafasi haikumwagika mahali; ipo pale pale, ila imeshikwa na asiyeihitaji tena. Meza ikijaa, kazi huwa nzito, kisha programu hufa. Na chochote kilichokuwa mezani bila kuingizwa kabatini hufa pamoja nayo.

Kijana alifungua dirisha la kompyuta linaloonesha kila programu imechukua kumbukumbu kiasi gani, akachukua daftari na kalamu. Programu ilipofunguliwa ilikuwa na megabaiti 85. Akamwomba mama katibu afungue kadi moja ya mtoto, aifunge, afungue nyingine, aifunge, hadi zitimie kadi 10. Akasoma tena: megabaiti 565. Kadi zote zilikuwa zimefungwa, kioo hakina kitu, na bado nafasi haikurudi. Wakasubiri dakika tano, haikurudi. Wakafungua na kufunga kadi 10 nyingine: megabaiti 1,045. Kila kadi moja ilikuwa inabakiza megabaiti 48.

Akasema, "Haijambo. Ugonjwa unaojirudia kila ukiuita ni ugonjwa unaotibika."

Kisha akamtaka afungue kadi za watoto wachache ambao picha zao hazijaingizwa. Safari hii kumbukumbu iliongezeka kidogo tu. Basi uzito ulikuwa kwenye picha. Kijana akauliza, picha hizi zilipigwa lini? Mama katibu akamweleza kwamba zamani walikuwa wakitumia picha ndogo za pasipoti, lakini mwaka huu mwalimu mmoja aliwapiga watoto wote kwa simu yake mpya. Picha ya simu ile ina nukta milioni 12, na kompyuta inapoionesha, kila nukta huchukua baiti nne. Milioni 12 mara nne ni milioni 48. Ndani ya diski picha hiyo imekunjwa na ni ndogo, lakini ikitandazwa mezani inachukua megabaiti 48.

Mjumbe mmoja aliyekuwa ameketi nasi akafurahi. "Basi zipunguzwe picha, tumemaliza." Kijana akatikisa kichwa. Picha kubwa, alisema, zimeufanya uvujaji uonekane, lakini hazikuuleta. Kadi iliyofungwa haitakiwi kubakiza picha yoyote, iwe kubwa au ndogo. Tukipunguza picha tutakuwa tumelifanya tundu kuwa dogo, na programu ambayo sasa inakufa alasiri itakufa baada ya wiki mbili, siku ambayo hakuna atakayekumbuka maneno haya.

Wakulima wa Usambara hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Mvua moja haimalizi shamba la mteremkoni. Huondoka tabaka jembamba la udongo leo, na jingine msimu ujao, mpaka siku mkulima anapogonga mwamba kwa jembe na kushangaa umetoka wapi. Ndiyo maana mradi wa SECAP, ulioanza hapa Lushoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulisisitiza kupanda majani na miti kwa kufuata kontua ili udongo ushikwe pale ulipo. Anayeongeza mbolea bila kuzuia mmomonyoko analisha mto.

Na wazo la kununua kumbukumbu zaidi? Kijana alilieleza kwa upole, kwa maana kamati ilikwishatenga fedha. Programu yake aliitengeneza kwa mtindo wa zamani wa biti 32, na katika Windows programu ya namna hiyo kwa kawaida hairuhusiwi kutumia zaidi ya gigabaiti 2, hata kompyuta yenyewe ikiwa na 16. Tena hufa kabla ya kuufikia mpaka huo, kwa sababu picha kubwa huhitaji nafasi iliyoungana, na nafasi inayosalia huwa imekatika vipande vipande. Kwa hiyo tungenunua kumbukumbu kwa fedha za waumini, na programu ingeendelea kufa pale pale: karibu na kadi ya 30. Mama katibu akashusha pumzi. Siku za kawaida hufungua kadi chache. Ni mwisho wa muhula tu, malipo yanapoingia kwa wingi na taarifa zinachapwa, ndipo huzifungua kwa makumi.

Lakini ni nani aliyekuwa akizishikilia kadi zilizokwishafungwa? Lugha aliyotumia kijana ina kitu ambacho tunaweza kukiita mfagiaji. Ni fikra iliyoanzishwa na John McCarthy wa Marekani mwaka 1959: kompyuta yenyewe hupita ikikusanya vitu visivyotumika tena na kuirudisha nafasi yake. Watu wengi hudhani kwamba penye mfagiaji hapana uvujaji. Sivyo. Mfagiaji ana kanuni moja: hagusi kitu ambacho bado kimetajwa katika orodha ya kitu kingine kilicho hai. Hajui kama unakihitaji, anajua tu kwamba kuna anayekishika.

Kijana alitumia chombo kinachopiga picha ya kumbukumbu nzima. Akapiga ya kwanza, akafungua na kufunga kadi 10, akapiga ya pili, akazilinganisha. Katika picha ya pili kulikuwa na kadi 10 ambazo hazikuwamo katika ya kwanza, zote zimefungwa, zote zingali hai. Vyombo vya kutafuta uvujaji vina historia ndefu. Kimoja kilichopata sifa mapema, Purify, kilitengenezwa na Reed Hastings, ambaye aliwahi kufundisha hisabati Swaziland, nchi inayoitwa leo Eswatini, kabla ya kuanzisha kampuni yake ya Pure Software mwaka 1991. Wengi wanamjua leo kwa Netflix tu.

Chombo kilimwonesha kijana njia kutoka kadi iliyofungwa hadi kwa aliyeishika. Aliyeishika ilikuwa tarehe. Ile tarehe ya miladia na hijria iliyo juu ya kila kadi hubadilika siku inapobadilika, na ili ibadilike, kadi inapofunguliwa hujiandikisha katika dirisha kuu: siku ikigeuka, nijulishe. Dirisha kuu huliandika jina la kadi katika orodha yake. Kadi inapofungwa ilipasa ijiondoe katika orodha. Kijana alikuwa ameandika mstari wa kuingia na kusahau mstari wa kutoka. Hivyo dirisha kuu lilizishikilia kadi zote zilizokwishafungwa, kila moja na picha yake, zikisubiri kujulishwa tarehe ambayo hakuna wa kuisoma.

Aliongeza mstari mmoja. Wakarudia jaribio lile lile, kadi 10 kisha 10 nyingine. Kumbukumbu ilipanda kadi ilipofunguliwa, na baada ya kufungwa ikashuka. Mwisho wa jaribio ilisimama karibu na pale ilipoanzia. Wakaendelea mpaka kadi zote 214, na programu haikufa. Kisha akazipunguza picha pia, akasema sasa ni halali kuzipunguza.

Lilibaki kosa la pili, ambalo yeye mwenyewe alilitaja kuwa kubwa zaidi. Mama katibu alipokuwa akiingiza malipo, programu ilimwandikia "Imepokelewa", kumbe iliyaweka mezani tu, ikisubiri jioni iyaingize kabatini yote kwa pamoja. Ilipokufa katikati, malipo yalikufa nayo. Naye alipoifungua tena aliendelea na stakabadhi iliyofuata, kwa kuwa zilizopita alikwishaambiwa zimepokelewa. "Mashine ilimwahidi mama jambo ambalo haikulitekeleza," alisema kijana, "na aliyeifundisha ahadi hiyo ni mimi." Sasa kila malipo yanaingia kwenye diski papo hapo.

Haya si ya Lushoto peke yake. Mwaka 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliweka mfumo mpya wa kompyuta wa kuyaelekeza magari. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba mfumo ukapungua mwendo, kisha ukasimama kabisa, na wafanyakazi wakarudi kwenye karatasi. Uchunguzi ulionesha kwamba kipande kidogo cha programu kilikuwa kikichukua kumbukumbu kidogo kila gari lilipotumwa, bila kuirudisha. Kwa muda wa wiki tatu kidogo hicho kikaimaliza kumbukumbu yote ya mashine kuu.

Na katika kuiamini mashine kuliko mtu, wako waliofanya makubwa kuliko sisi. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, wasimamizi wa matawi ya posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu wa hesabu, wengi wao kwa kutegemea takwimu za mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Wengine walifungwa. Mwaka 2019 mahakama ilithibitisha kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 ikabidi Bunge litunge sheria ya kufuta hukumu hizo. Kasoro zake hazikuwa hizi za kumbukumbu, lakini kauli iliyowaangamiza wale watu ndiyo ile ile tuliyoisikia katika mkutano wetu: kompyuta haisemi uongo.

Kwa ndugu zetu wanaosimamia ofisi kama hii, tunashauri mambo machache. Stakabadhi za karatasi zisiachwe. Ndizo zilizomwokoa mama yule. Kila jioni jumla ya vishina ilinganishwe na jumla ya kompyuta, siku ile ile. Programu ikianza kuwa nzito, ifungwe na kufunguliwa upya kabla ya kuendelea, na anayeitumia aandike ni saa ngapi na alikuwa ameshafanya nini. Fundi akija, asiikute kompyuta iliyopumzika. Akae karibu na mtumiaji aone kazi ikifanyika. Na kabla ya kununua chochote, apime kwanza, mara moja kabla ya matengenezo na mara moja baada yake.

Mama katibu amerudishiwa funguo. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa makamo, alisimama katika mkutano wa wazazi, ule ule aliotuhumiwa, akamwomba radhi kwa jina. Wafadhili 11 wamepelekewa taarifa mpya pamoja na barua ya maelezo. Kijana naye aliomba radhi, ingawa hakuna aliyemtaka, akasema aliyeandika mstari wa kuingia bila wa kutoka ni yeye. Mama akamjibu, "Mwanangu, wewe umekuja kutoka Tanga kutafuta kosa lako. Waliokuwa hapa hapa hawakuvuka ukumbi kuniuliza."

Maneno hayo yalikuwa yetu sisi. Tulikwenda kwake jioni hiyo, tukabisha hodi, akatukaribisha kwa chai. Tulimwomba radhi kwa kunyamaza kwetu, akatusamehe. Kisha tukamwomba ruhusa ya kuandika kisa hiki bila kumtaja jina, akaridhia, kwa sharti kwamba tuandike pia kuwa hesabu zake zilitimia.

Zilitimia, ndugu wasomaji, shilingi kwa shilingi.

Wabillahi tawfiq.